Matege na Udhaifu wa Mifupa: Ugonjwa Usiokuja Peke Yake

(Haya ni maneno ya hotuba ya afya iliyosomwa mbele ya wazee, akina mama na walimu. Tunayapiga chapa kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Leo nataka kusema nanyi juu ya mifupa, na hasa juu ya mifupa iliyolegea au kudhoofika kwa sababu mwili umekosa vitu vya kuijengea, au umeshindwa kuvitumia. Ugonjwa wa namna hii ujulikanao zaidi kwetu ni matege ya watoto, ambao waganga huuita riketsi. Lakini matege ni mmoja tu katika jamaa kubwa ya magonjwa, na wazee wetu pia wamo katika hatari.

Mtoto akiota matege, majirani hawakosi maneno. Mmoja atasema mama alimsimamisha mapema mno. Mwingine atasema alikuwa akimbeba vibaya mgongoni. Wa tatu atanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Na bibi kizee akianguka na kuvunjika nyonga, watu husema, "Ni uzee tu," kisha wakanyamaza. Maneno hayo yote yana hasara moja: humzuia mgonjwa asitafutiwe chanzo cha ugonjwa wake. Nawaomba mkumbuke jambo moja katika yote nitakayosema. Mifupa ikilegea, mara nyingi shida imetoka mahali pengine mwilini, au inapeleka shida mahali pengine. Kwa hiyo haitoshi kuutazama mguu uliopinda. Yatupasa kumtazama mtu mzima.

MFUPA NI KITU KILICHO HAI

Wengi wetu tumeona mifupa machinjioni au shambani, mikavu kama jiwe, na kwa hiyo twadhani kwamba hata ndani ya mwili mfupa ni kama nguzo ya nyumba, ukisimamishwa umesimama. Sivyo. Mfupa wa mtu aliye hai una damu na unabadilika kila siku. Wako mafundi wadogo wasioonekana kwa macho ambao hubomoa sehemu iliyochakaa, na wengine wanaofuata nyuma yao wakijenga upya. Kazi hiyo haikomi mpaka mtu afe.

Tena mfupa ni ghala. Mwili wa mtu mzima una madini ya kalsiamu yapatayo kilo moja hivi, nayo ni ya jamii ileile ya chokaa. Katika kila sehemu 100 za madini hayo, sehemu 99 zimewekwa katika mifupa na meno. Ile sehemu moja iliyobaki imo katika damu na nyama, nayo ni ndogo lakini ina kazi kubwa mno. Bila hiyo moyo haupigi sawasawa, misuli haikazi wala kulegea ipasavyo, na mishipa ya fahamu haipeleki habari. Kwa sababu hiyo mwili haukubali kabisa kalsiamu ya damuni ipungue. Ikianza kupungua, tezi nne ndogo zilizo shingoni, kila moja kadiri ya punje ya mchele, hutoa amri, na ghala hufunguliwa. Mifupa huanza kunyang'anywa madini yake ili moyo uendelee kupiga. Mtu haoni kitu kwa miezi au hata miaka. Ghala linamalizika kimya kimya.

SAFARI YA VITAMINI D

Ili kalsiamu ya chakula iingie mwilini, lazima pawepo na vitamini D. Vitamini hii haipatikani kwa wingi katika vyakula vyetu vya kila siku. Sehemu kubwa yake hutengenezwa katika ngozi, jua linapoipiga. Lakini kazi haiishii hapo. Kutoka ngozini huchukuliwa mpaka kwenye ini, na huko hubadilishwa mara ya kwanza. Kisha huenda katika figo, na huko hubadilishwa mara ya pili. Ndipo inapopata nguvu kamili, na kwenda kuyaamuru matumbo yapokee kalsiamu kutoka katika chakula.

Tafadhalini zingatieni safari hiyo: ngozi, ini, figo, matumbo. Njia ikikatika mahali pamoja tu, mifupa italipa. Mtu aweza kukaa juani mchana kutwa, lakini kama figo zake ni mbovu, mifupa yake italegea. Aweza kula vizuri, lakini kama matumbo yake hayapokei chakula, mifupa yake italegea. Ndiyo sababu nasema ugonjwa huu hauji peke yake.

WATU WALIVYOIJUA SIRI HII

Katika karne ya 17 matege yalikuwa yameenea sana Uingereza, na mwaka 1650 daktari Francis Glisson alitoa kitabu kikubwa juu yake. Baadaye viwanda vilipoongezeka, moshi ukaziba jua, na watu wakasongamana katika vichochoro vyembamba, ugonjwa ulizidi. Mwaka 1890 Theobald Palm, mganga wa misheni aliyekuwa amefanya kazi Japani, alieleza kwamba matege hufuata mahali palipokosa jua. Wengi hawakumsikiliza.

Mwaka 1919 mambo mawili yalijulikana. Huko Uingereza, Edward Mellanby aliwalisha watoto wa mbwa vyakula fulani vya nafaka huku wakiwa wamefungiwa ndani, wakapata matege. Alipowapa mafuta ya ini la samaki, ugonjwa ulizuilika. Na mjini Berlin, Kurt Huldschinsky aliwamulika watoto wagonjwa kwa taa yenye miali kama ile ya jua, wakapona. Tena aliona kwamba akimulika mkono mmoja, hata mkono wa pili hupona. Maana yake ni kwamba dawa ile ilitengenezwa ngozini na kusafiri katika damu. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani alikiita kitu hicho vitamini D, na jina hilo ndilo tunalolitumia hata leo.

KWA NINI MATEGE KATIKA NCHI YA JUA?

Mtu ataniuliza, "Bwana, hayo ni mambo ya Ulaya penye baridi na ukungu. Sisi tuna jua mwaka mzima. Matege yatatoka wapi?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa njia mbili.

Kwanza, jua lililo nje halimsaidii mtoto aliye ndani. Katika miji yetu mama huenda kazini alfajiri, na mtoto huachwa katika chumba kimoja chenye dirisha dogo, pengine pamoja na watoto wengine wengi. Akitolewa nje, amefunikwa blanketi na kofia mpaka puani. Tena ngozi nyeusi imejaliwa kujikinga na ukali wa jua, na kwa hiyo yahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe ili itengeneze kiasi kilekile cha vitamini. Uchunguzi uliofanywa katika mtaa wa watu maskini mjini, hapa Kenya, na kutangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba upungufu wa vitamini D huleta matege kwa watoto wa huko, na kwamba hali hiyo hufuatana na utapiamlo.

Pili, hata mtoto anayecheza juani aweza kupata matege kama chakula chake hakina kalsiamu. Jambo hili lilithibitishwa Nigeria. Waganga wa mji wa Jos waliwatibu watoto 123 wenye matege, na habari zake zikatangazwa mwaka 1999. Watoto waliopewa kalsiamu, ama peke yake ama pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko wale waliopewa vitamini D peke yake. Watoto hao walikuwa wakila vyakula vya nafaka, na maziwa kidogo sana au hawayapati kabisa. Nafaka kama mahindi zina kitu kiitwacho faiteti, ambacho huishika kalsiamu na kuizuia isiingie mwilini. Basi mtoto anayekula uji mweupe asubuhi, ugali na mchuzi jioni, na hapati maziwa wala samaki, tumbo lake limejaa lakini ghala lake ni tupu.

MATEGE, MAPAFU NA MOYO

Watu hudhani kwamba hasara ya matege ni sura mbaya ya miguu tu. Laiti ingekuwa hivyo! Mbavu za mtoto mwenye matege ni laini. Anapovuta pumzi, kifua hakitanuki sawasawa, na misuli yake ni dhaifu, hata kukohoa hawezi kwa nguvu. Makohozi hubaki ndani. Huko Addis Ababa, Ethiopia, waganga waliwalinganisha watoto 500 wenye nimonia na watoto 500 wasio nayo, wakatangaza habari zake mwaka 1997. Kati ya wale wenye nimonia, 210 walikuwa na matege. Kati ya wale wengine, walikuwa 20 tu. Kwa hiyo mtoto anayerudiwa na kichomi mara kwa mara asipewe dawa ya kifua tu kisha akarudishwa nyumbani. Mifupa yake na itazamwe pia.

Tena kalsiamu ya damuni ikishuka sana, mtoto mchanga aweza kushikwa na degedege bila homa, na moyo wake waweza kutanuka na kushindwa kusukuma damu. Wazazi huona degedege na kufikiri ni malaria au ni pepo, kumbe ni upungufu wa madini, nao hutibika ukijulikana mapema.

Na kwa mtoto wa kike iko hatari nyingine inayosubiri miaka mingi. Mifupa ya nyonga ikipinda utotoni, njia ya uzazi huwa nyembamba. Mjini Glasgow, Scotland, ambako matege yalikuwa mengi, wanawake wa namna hiyo walikuwa wakifa katika uchungu wa kuzaa. Mwaka 1888 daktari Murdoch Cameron alianza kuwaokoa wanawake hao kwa kuwapasua tumbo na kumtoa mtoto. Mama asiyeweza kufika hospitali kwa upesi yumo katika hatari ileile hata leo. Basi uji anaokunywa binti yako akiwa na miaka miwili una uhusiano na siku atakayojifungua.

MIFUPA YA WATU WAZIMA

Mtu mzima hapati matege, kwa kuwa mifupa yake imekwisha kukua. Lakini mifupa yake yaweza kulegea vilevile. Husikia maumivu ya kiuno, mapaja na mbavu, huinuka kitini kwa shida, na hutembea akiyumba kama bata. Wengi hupewa dawa ya baridi yabisi kwa miaka. Wanaopatwa zaidi ni wale wasiopata jua, wakiwamo akina mama wanaokaa ndani au kujifunika mwili wote, na wale waliozaa na kunyonyesha mfululizo kwa chakula haba.

Ugonjwa wa pili wa watu wazima ni mifupa kuwa miepesi na yenye matundu, kama mti ulioliwa na mchwa. Hauumi hata kidogo mpaka siku mfupa utakapovunjika kwa kuanguka kidogo tu. Wanawake hupatwa zaidi baada ya kukoma hedhi, kwa sababu homoni iliyokuwa ikiilinda mifupa yao imepungua. Lakini msiseme ni uzee tu, maana magonjwa mengine pia huuleta ugonjwa huu au huuzidisha. Kisukari huongeza hatari ya kuvunjika mifupa. Tezi la shingo likifanya kazi kupita kiasi hula mifupa. Baridi yabisi ya viungo huidhoofisha. Sigara na pombe nyingi huiharibu.

Ugonjwa wa figo unastahili kutajwa peke yake. Figo zikiharibika haziwezi kuikamilisha vitamini D, wala haziwezi kuitoa fosfeti iliyozidi. Ndipo zile tezi nne za shingoni zinapofanya kazi usiku na mchana, zikiivunja mifupa ili kuilinda damu. Upo pia ugonjwa ambao tezi mojawapo huasi yenyewe bila kosa la figo, na mgonjwa hupata mawe ya figo, maumivu ya mifupa, kufunga choo na huzuni isiyo na sababu. Na kuna matege ya urithi, ambayo figo humwaga fosfeti mkojoni. Mtoto huyo haponi kwa jua wala kwa maziwa, bali kwa matibabu yake maalumu.

Tena zipo dawa zinazogusa mifupa. Vidonge vya steroidi vikitumiwa kwa muda mrefu, baadhi ya dawa za zamani za kifafa, na baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi, zaweza kupunguza nguvu ya mifupa. Nasema kwa mkazo: mtu asiache dawa yake kwa kusikia maneno haya! Kifafa na ukimwi huua, na dawa hizo huokoa maisha. Linalofaa ni kumwuliza daktari kama mifupa inahitaji kuangaliwa.

MAJI YA BONDE LA UFA

Ndugu zetu wa Bonde la Ufa wanajua meno ya rangi ya kahawia. Sababu yake ni floraidi iliyozidi katika maji ya visima vingi vya huko. Shirika la Afya Ulimwenguni limeshauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi katika kila lita. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huingia katika mifupa, mgongo ukakakamaa na miguu ikapinda, na hali huwa mbaya zaidi kwa mtoto aliyekosa kalsiamu. Kuyachemsha maji hakuiondoi; maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki ileile. Kinachosaidia ni maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, au maji yaliyopitishwa katika chujio la mkaa wa mifupa, kama yanavyotumiwa sehemu za Nakuru.

MAMBO YA KUFANYA

Sasa nitasema machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya.

Kwanza, mtoto na atolewe nje kila siku, mikono na miguu yake ikiwa wazi, kwa muda wa kiasi bila kumwunguza. Anayelea watoto wa wengine naye afanye hivyo.

Pili, mama aendelee kumnyonyesha mtoto. Maziwa ya mama ni bora kuliko yote, lakini yana vitamini D kidogo. Mabingwa wa nchi mbalimbali walikubaliana mwaka 2016 kwamba kila mtoto mchanga apewe matone ya vitamini D, yuniti 400 kwa siku, katika mwaka wake wa kwanza. Muulizeni mwuguzi wa kliniki.

Tatu, chakula. Mabingwa haohao walisema mtoto aliyepita mwaka mmoja akipata zaidi ya miligramu 500 za kalsiamu kwa siku, inamtosha. Kikombe cha maziwa chenye robo lita kina miligramu 300 hivi, nayo mala ni vilevile. Asiye na ng'ombe asikate tamaa. Omena wakiliwa wazima pamoja na mifupa yao ni chakula bora, na kwa mtoto mdogo waweza kutwangwa wakawa unga wa kutia katika uji. Wimbi lina kalsiamu nyingi kuliko mahindi, na uji wake ukichachushwa faiteti hupungua. Sukuma wiki nayo husaidia.

Nne, zijueni dalili. Watoto wengi walio chini ya miaka miwili wana miguu iliyopinda kidogo, nayo hunyooka yenyewe. Lakini mkiona vifundo vya mikono vimevimba, vinundu kama shanga pande mbili za kifua, utosi unaochelewa kufunga, mtoto anayechelewa kukaa au kutembea, au miguu inayozidi kupinda, mpelekeni hospitali. Mfupa unaokua ukitibiwa mapema waweza kunyooka wenyewe bila kisu. Samaki mkunje angali mbichi.

Tano, msijitibu. Vitamini D ikizidi mno ni sumu, na huharibu figo. Mgonjwa wa figo asimeze vidonge vya kalsiamu kwa kushauriwa na jirani.

Sita, mtu mzima anayevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo asiridhike na kufungwa plasta tu. Na aulize: "Kwa nini umevunjika?" Swali hilo laweza kufichua kisukari, au figo, au tezi, kabla ya mfupa wa pili kuvunjika.

Mwisho, nawasihi tuwaache akina mama wa watoto wenye matege bila kuwalaumu. Mama anayechekwa humficha mtoto wake ndani, na akimficha humnyima lile jua analolihitaji. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Basi anayeona mtoto wa jirani yake ana dalili hizi, aende kwa upole, amwambie mama yake kwamba ugonjwa huu una sababu, na una dawa, na njia ya kliniki ni hii.